Mwanafunzi Anayekohoa Apewe Ruhusa, Asipewe Lawama

Maradhi ya kifua hayapigi hodi. Hapo Msamvu, mjini Morogoro, ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapogawanyika, moja ikielekea Dodoma na nyingine Iringa hadi Mbeya. Mabasi huingia na kutoka stendi, na wasafiri huchanganyika na wenyeji. Mji wa namna hii hauwezi kuyazuia mafua, surua wala kifua kikuu yasiingie. Unachoweza ni kuyazuia yasifanye darasa kuwa kitalu chake. Jukumu hilo ni la walimu, wazazi na watumishi wa umma.

Taifa hili si geni katika mapambano hayo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kujisomea, iliwafikia wananchi wapatao 2,000,000, nao wakachimba vyoo na kufyeka vichaka bila kungoja daktari. Mwezi Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alipotangazwa nchini, shule zilifungwa, na wanafunzi wa shule za msingi hawakurejea hadi tarehe 29 Juni. Kila mwalimu aliyeshuhudia miezi ile anajua gharama ya kungoja maradhi yawe janga.

Hata hivyo, upungufu uliopo si wa elimu. Hata mtoto wa darasa la nne anaweza kueleza kwamba mtu hukohoa ndani ya kiwiko na kunawa kwa sabuni. Upungufu umo katika desturi ya kumhesabia mgonjwa utoro. Mtoto mwenye homa hujikokota hadi shuleni kwa kuchelea fimbo au kukosa jaribio, naye mzazi humhimiza aende asije akaachwa nyuma. Virusi vya mafua makali huanza kuambukiza yapata siku moja kabla ya dalili, na huendelea kwa muda wa siku tano hadi saba. Penye dawati la watoto watatu, matokeo hayahitaji mtabiri. Kwa kuogopa kupoteza siku tatu za mmoja, shule hupoteza siku thelathini za kumi.

Wapo watakaosema kwamba ruhusa itakuwa kichaka cha watoro. Hofu hiyo ina msingi, hasa jirani na stendi, ambako mtoto asiyeulizwa hupata haraka cha kuuza. Lakini utoro hustawi pale ambapo hakuna anayeuliza. Ruhusa yenye utaratibu humlazimisha mtu kuuliza: mzazi apewe taarifa, sababu iandikwe katika daftari la mahudhurio, mwenzake amnakilie masomo, na mwalimu amfidie kipindi alichokosa. Mtoto akijua kwamba somo lake linamsubiri, hatakuwa na sababu ya kuficha homa.

Jambo hili ni zito zaidi kwa kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani huiweka Tanzania miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Mwanafunzi anayekohoa kwa wiki mbili hapana budi apelekwe kupimwa. Matibabu ni bure, kwa kawaida huchukua miezi sita, na aliyeanza dawa zifaazo huacha kuambukiza wenziwe mapema kabla ya kuzimaliza. Lakini mtoto anayetaniwa darasani hatasema. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Hapa kilio kitakuwa cha darasa zima. Neno moja la staha kutoka kwa mwalimu laweza kuokoa zaidi ya mmoja.

Yapo pia mambo yasiyongoja fedha. Mwezi Juni na Julai, upepo wa baridi ushukapo kutoka milima ya Uluguru, madirisha ya madarasa hufungwa. Virusi vya surua huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili katika chumba kilichofungwa. Ni afadhali mtoto avae sweta na dirisha likae wazi. Vilevile, anapoandikishwa shule, kadi ya kliniki ikaguliwe ili kuona kama alipata chanjo ya surua katika miezi 9 na 18.

Maji na sabuni, kwa upande wake, vinahitaji fungu. Mtumishi anayepanga bajeti akivifuta ili kuokoa shilingi chache, ajue kwamba deni hilo litalipwa zahanati, tena kwa riba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu wakuu, kamati za shule na viongozi wa mitaa wakutane sasa, wakubaliane juu ya ruhusa ya mgonjwa na fidia ya masomo yake, kisha waitekeleze bila kungoja waraka. Afya ya mwanafunzi ndiyo somo la kwanza. Likishindwa hilo, mengine yote hayana wa kuyasikiliza.