Kitabu kimoja, kesi tatu

Nimeazimisha nakala yangu ya The Name of the Rose mara tatu, na mara zote tatu imerudi na ugomvi.

Wa kwanza, jamaa niliyesoma naye chuo, aliishia ukurasa wa 80. "Kaka, hii ni riwaya ya upelelezi au mtihani wa dini?" Simlaumu. Umberto Eco, aliyeitoa Italia mwaka 1980, anakupeleka kwenye monasteri ya mwaka 1327. Watawa wanakufa mmoja baada ya mwingine, lakini kabla hujanogewa unamezeshwa Kilatini na mabishano ya kama Yesu alimiliki mali au la. Baadaye Eco alisimulia kuwa alishauriwa apunguze kurasa 100 za mwanzo, akagoma: anayetaka kukaa siku saba monasterini akubali mwendo wa monasteri.

Wa pili, dada mmoja tunayefanya naye kazi, Mkatoliki wa kila Jumapili, alikimaliza kwa siku nne. Kwake yale mabishano ya umaskini ndiyo kitabu chenyewe. Maiti, anasema, ni chambo tu.

Wa tatu alikipenda mpaka mwisho, na mwisho ndio uliomuudhi. (Kama hujasoma, ruka aya hii.) Mpelelezi wetu, mtawa William wa Baskerville, anaamini mauaji yanafuata baragumu saba za Ufunuo. Kumbe wapi! Mpangilio huo haukuwepo. Anamfikia Jorge, mzee kipofu aliyekuwa akikificha kitabu cha Aristotle kuhusu vichekesho, kwa kufuata nadharia ya uongo. Tena amechelewa, na maktaba yote inateketea. "Sasa huo upelelezi gani?" jamaa anafoka.

Hapo ndipo mimi na yeye tunapoachana. Niliwahi kuandika habari ya maduka matatu ya mtaa mmoja yaliyovunjwa ndani ya miezi miwili. Usiku zote tatu mlinzi wa zamu alikuwa yuleyule. Nikaunganisha, nikaona picha, nikaandika. Sikumtaja jina, lakini mtaa mzima ulimjua. Akafukuzwa kazi. Wezi walipokamatwa, ikaonekana hawakuwa na uhusiano naye kabisa. Tukaomba radhi kwenye kona ya ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro. Kazi yake hakurudishiwa.

Nadharia yangu ilipendeza sana. Ndiyo maana sikuihoji.

Riwaya nyingi za upelelezi hutufundisha kuwa mwenye akili akiunganisha vitu vitatu, tayari ana ukweli. Eco anamchukua mtu mwenye akili kuliko wote, anamuacha aunganishe, halafu anamuumbua. Msomaji anayedai amedhulumiwa ana haki ya kukasirika. Mimi ningependa nikisome kabla ya habari ile, si baada yake.

Yule wa ukurasa wa 80 nimempa tena. Nimemwambia avumilie kurasa 20 tu. Wewe ulikwamia wapi?