Mugeni wa hoteli ahesabiwe kwa usiku aliolala

Wandugu wa Kolwezi, Likasi na Kipushi, tunajua namna hoteli za Lubumbashi zinapokea watu. Mukubwa wa kompani akifika, zamu anakimbia kufungua mulango, valizi inabebwa, ufunguo uko tayari. Wanasema: « Uyu njo muntu wetu wa zamani. » Mama anayetoka Kolwezi kila mwezi na mutoto mugonjwa, kilometa 300 na zaidi ndani ya bisi, anaambiwa: « Mama, ungoje kwanza. » Lakini mufungue kitabu cha wageni: labda jina la mama liko pale mara nyingi kupita la mukubwa.

Sikatai mugeni anayerudia apate wema zaidi. Ni haki yake. Hoteli haina kazi ya kumutafuta. Anakuja mwenyewe, analipa, anajua masharti ya nyumba. Holiday Inn na Marriott, hoteli kubwa za Marekani, zilianza mwaka 1983 kuandikia wageni alama: ukirudia sana, alama zinajaa, unapata usiku wa bure ao chumba kizuri kupita kile ulicholipia. Pale wanahesabu, hawaangalii viatu vya mutu.

Kwetu wengi wanaangalia tu: motokari gani, kompani gani. Na mukubwa yule halipi mwenyewe, kompani ndiyo inamulipia. Siku kompani inachagua hoteli ingine, anaenda nayo. Mama analipa na falanga za mushahara wa bwana yake, na mwezi unaokuja atarudi. Sasa kati yao wawili, mwaminifu ni nani?

Tena, wema uko na mupaka. Mutu aliyekwisha kulipa chumba asitolewe juu mugeni wa zamani ametokea bila kusema. Mumupunguzie yule wa zamani bei, mumupe chai, sawa. Lakini chumba kilicholipiwa si zawadi ya kupa rafiki. Mugonjwa anayetoka hospitali saa mbili ya usiku, mu muji asioujua, mukimufukuza atalala wapi?

Na sisi tusinyamaze juu ya haya. Kila safari, muandikishe jina lile lile, la mutu anayelala, si la kaka aliyewasindikiza. Mulombe karatasi ya malipo na muitunze. Mara ya tatu ao ya ine, muziweke zote juu ya meza na muulize: « Sisi benye kurudia, bei yetu ni gani? » Muulize mbele ya kulipa, kisha kulipa, hakuna mwenye kuwasikiliza.

Lakini kurudia si kufungwa kamba. Kama maji yanakosa kila safari na bei inapanda, juu wanajua tu mutarudi, basi muvuke barabara mujaribu jirani. Mwaminifu asigeuzwe mujinga.

Wazee walisema mugeni ni siku mbili, siku ya tatu mumupe jembe. Ku hoteli ni kinyume: mugeni wa siku ya tatu ndiye analisha nyumba. Wenye hoteli, mwisho wa mwezi huu mukamate kitabu chenu, muhesabu majina moja moja. Mutaona ni nani anawalipia mukate, na kama mulimupa hata kiti cha kungojea.