Ibada za Kale Katika Somo la Historia

Walimu wengi wa shule za msingi hudhani kwamba miji ya kale na mahali pake patakatifu ni habari za nchi za mbali. Mwanafunzi wa Kinondoni anayetajiwa mahekalu ya Wayunani, naye hajapata kuambiwa habari za magofu ya Kunduchi, amefundishwa kinyumenyume.

Hata hivyo, Wayunani wanalo la kutufunza. Katika mji wa Lindos, kisiwani Rhodes, lilikuwapo hekalu la Athena, mungu wa kike wa wenyeji. Mwaka 99 KK wenyeji hao waliamua kuchonga katika jiwe orodha ya sadaka zilizopata kutolewa hekaluni, pamoja na majina ya watoaji, kwa sababu nyingi zilikwisha kupotea.

Upotevu wa namna hiyo umetufika sisi pia. Kunduchi kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China. Vingi vimeng'olewa, yamebaki matundu. Basi wanafunzi na wapime, wachore, wahesabu matundu na kuwauliza wazee, bila kuondoa hata kigae. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda mabaki kama hayo.

Lililo gumu zaidi ni ibada yenyewe. Huko Kaole, karibu na Bagamoyo, watu hulizuru kaburi la Sharifa kwa dua na sadaka. Mwalimu asimlinganishe Sharifa na Athena: jina hilo ni la mwanamke wa ukoo wa Mtume, wala si mungu. Aidha, darasani wamo Waislamu, Wakristo, na watoto ambao wazee wao hutambika. Mwalimu akidhihaki, mtoto ambaye bibi yake huzuru makaburi atanyamaza, na darasa litakuwa limempoteza shahidi wake. Akihubiri, ameliacha somo.

Njia iliyo bora ni kugawa ubao sehemu tatu: tunayoyaona, tunayosimuliwa, na yanayotendwa leo. Kila jibu liwekwe mahali pake, bila kuchanganya masimulizi na ushahidi.

Pengine mtasema kwamba nauli ya safari haipo. Ni kweli, lakini hata mtaa wa Temeke una kaburi la kale, mbuyu au mzee mwenye kumbukumbu. Anzeni hapo, kabla matundu hayajawa mengi kuliko vyombo.