TUWAHESHIMU WAANDIKISHAJI WETU

Kila mwanachama mwenye kadi mfukoni aliandikwa na mtu. Mtu huyo alimfuata nyumbani, au alimkuta mnadani, akakaa naye, akamweleza Chama kinataka nini, akajibu maswali yake, akapokea ada yake na kumwandika jina. Mara nyingi mwandikishaji huyo hajulikani nje ya kata yake. Leo tunataka kumsema yeye, na mfano wetu ni Mbulu na Hanang, maana huko ndiko Chama kilikofundishwa thamani yake, tena kwa gharama.

Asiyejua kazi hii na aende akaitazame kule. Mbulu iko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Hanang inakaa chini ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Kutoka Dongobesh mpaka Haydom, na kutoka Katesh mpaka Basotu, boma liko mbali na boma. Nchi hiyo ina Wairaqw, Wadatoga, Wanyaturu, Wagorowa na Wahadzabe, na lugha zao zimetoka katika koo mbalimbali kabisa. Ni mahali pachache Afrika penye mchanganyiko wa namna hiyo. Hotuba moja ya kwenye gari lenye kipaza sauti haiwezi kuwafikia watu hao wote. Anayewafikia ni mwandikishaji anayekwenda kwa miguu, anayejua kuamkia kila nyumba kwa desturi yake, na anayejua msimu wa kuvuna si msimu wa kuita mikutano.

Tena hupokea asiyoyatuma yeye. Akifika kwa wafugaji Wabarabaig huko Basotu, atakumbushwa habari za malisho yaliyochukuliwa tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya mashamba makubwa ya ngano. Kiongozi mgeni husikia maneno hayo mara moja, akapanda gari akaenda zake. Mwandikishaji hana pa kwenda. Atakutana na wazee hao hao kesho na kesho kutwa, na kama hana jibu la kweli, hapati mwanachama.

Wazee wetu wanakumbuka kuandikwa kwa namna nyingine. Wakati wa ukoloni walikuwako mawakala wa mashamba ya mkonge, waliokwenda vijijini kutafuta nguvu za watu. Aliyeandikwa alipewa namba, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Chama cha TANU, kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilikwenda kwa watu hao hao kikawaandika majina. Mtu mwenye namba alihesabiwa apate kutumwa. Mtu mwenye kadi alikuwa na haki ya kuuliza. Hiyo ndiyo tofauti, na waliolipeleka jambo hilo vijijini ni waandikishaji.

Hawakupelekewa chai. Katika nchi ya Wasukuma serikali ya kikoloni ilizuia matawi ya TANU kwa miaka kadhaa, lakini wanachama walizidi kuongezeka. Dar es Salaam, mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipita katika vikundi vya ngoma vya akina mama, na kwa miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakaingia. Hakuanza na ofisi. Alianza na watu waliokuwa wakikutana tayari na kuaminiana.

Sasa tuje kwenye fundisho lenyewe. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya viti 71. Kiti kimoja kilichotuponyoka kilikuwa cha Mbulu. Wala hakikuchukuliwa na adui. Herman Sarwatt, mwenyeji wa huko na mwanachama wa TANU, alisimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa Chama, na wananchi wakampa yeye kura. Kadi walikuwa nazo, na Uhuru waliutaka kama wengine wote. Walilolikataa ni kuchaguliwa mtu.

Chama kilisikia. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wanachama wawili walishindanishwa katika majimbo mengi, wananchi wakaamua, na hata mawaziri wakaanguka. Lakini somo lisiporudiwa husahaulika. Mwaka 1995, huko Karatu, nchi iliyokuwa sehemu ya Mbulu ya zamani, jina la Wilbrod Slaa liliondolewa baada ya wanachama kumpendelea katika kura zao. Akahamia chama kingine, akashinda, na jimbo hilo likakaa nje ya mikono yetu mpaka uchaguzi wa 2020. Miaka 25 ni malipo makubwa kwa jina moja. Katika mara zote mbili, mtu aliyekuwa akiyajua mapema mawazo ya wanachama ni yule aliyewaandika. Akiulizwa, huokoa. Asipoulizwa, huaibika pamoja na Chama mbele ya watu aliowaahidi kwamba sauti yao itasikiwa.

Wala daftari lake si la kura tu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh, na makumi ya ndugu zetu wakafa. Siku kama ile mtu mwenye thamani ni balozi anayejua nyumba ipi ilikuwa na watu wangapi, na nani alikuwa mgonjwa asiyeweza kukimbia.

Kwa hiyo tunasema hivi. Makatibu wa matawi, mrudishieni mwandikishaji nauli yake, na mpeni nafasi ya kusema mwanzo wa mkutano, si mwisho watu wanapoondoka. Viongozi wa wilaya, msikilizeni kabla ya kupitisha majina ya wagombea. Ninyi wenye kutaka ubunge, acheni kuwanunulia watu kadi kwa mafungu uchaguzi unapokaribia. Kadi iliyolipiwa na mgombea ina mwenyewe, na mwenyewe si Chama.

Nanyi waandikishaji, andikeni polepole. Heri watu kumi wanaojua walichoingia kuliko mia wasioweza kusema kesho kwa nini wana kadi. Mwambieni mwananchi kweli, hata pale ambapo Chama kimekosa, kisha mrudi kumwona wakati hakuna uchaguzi.

Mti hauoni mizizi yake, lakini upepo ukivuma, ndiyo inayoushika. Mbulu walitutikisa mwaka 1960 ili tuitazame. Tusingoje kutikiswa tena.