Nyimbo za Ndani ni Amana



Wapenzi wasomaji, juzi baada ya sala ya Isha nilikuwa nimeketi na wenzangu barazani hapa Chaani tukinywa kahawa. Kijana mmoja akapokea ujumbe katika simu yake, akaufungua, na sauti za kina mama wakiimba zikatujia sote. Vugo hupita njiani na kila mtu hulisikia. Lakini beti hizi hazikuwa za njiani. Zilihusu faragha ya mke na mume, nazo ziliimbwa ndani, usiku wa kina mama, katika harusi ya mtaa huu huu. Wengine walicheka. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilisikiliza beti mbili kabla sijamwambia azime. Mmoja wetu hakucheka. Aliyeongoza wimbo alikuwa mamake mzazi.

Siku ya pili mama yule alinijia. Aliniuliza jambo moja tu: "Sheikh, nimekosa kuimba?" Wapo waliokwisha kumwambia kuwa amekosa, na kuwa nyimbo hizo zipigwe marufuku. Mimi sikumjibu hivyo.

Sisemi kuwa kila wimbo wa harusi ni mwema. Matusi ni matusi, hata faraghani. Lakini kumfunza binti mambo ya unyumba si matusi. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Na hapa pwani yetu, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia. Humo alimweleza jinsi ya kumcha Mola wake, na pia jinsi ya kujipamba, kujitia manukato na kumliwaza mume. Alitaka wanawake wengine nao wausome. Hakuona aibu, kwa sababu alijua anasema na nani, na alichagua maneno yenye staha. Mwaka 1934 utendi huo ulichapishwa kuwa kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, nao haujamvunjia heshima mtungaji wala bintiye.

Basi kosa liko wapi? Liko kwa yule aliyeficha simu chini ya leso akarekodi, na kwa kila aliyesambaza baada yake. Kikao ni amana. Katika Sahihi ya Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, amemhesabu miongoni mwa watu waovu zaidi mbele ya Allah mtu anayeingiliana na mkewe kisha akaitoa siri yake nje. Ikiwa mwenye siri mwenyewe amekatazwa, vipi jirani aliyealikwa biriani? Na Suratun-Nur, aya ya 27, imetuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tupige hodi na kutoa salamu. Simu ile iliwaingiza wanaume mia katika chumba cha wanawake bila hodi.

Kwa hivyo nawausia haya. Wenye harusi, wekeni kikapu mlangoni, na mama mtu mzima azipokee simu zote. Ewe uliyeletewa, futa, wala usipeleke kwa mwenzako hata kwa kisingizio cha kukemea. Nanyi vijana mnaotunga beti za mapenzi na kuzituma katika makundi ya WhatsApp, jiulizeni kwanza ni nani aliyemo: baba mkwe yumo, mtoto wa darasa la tano aliyeshika simu ya mamake yumo. Wazee wetu walikuwa na mafumbo kwa ajili ya baraza mchanganyiko, jifunzeni kufumba.

Mama yule nilimwambia hakukosa. Akashukuru, kisha akasema kuwa hataimba tena harusi yoyote. Sikupata la kumwambia. Yuko binti hapa mtaani atakayeolewa mfungo mosi, na mamake ni marehemu. Nani atamketisha chini amfunze? Atakwenda kutafuta mafunzo hayo katika simu ile ile.

Tumrudishieni mama yule kikao chake, kabla siku hiyo haijafika.

Wabillahi tawfiq.