Namba Hazijihesabu

Eti namba hazina jinsia, kwa hiyo Jacqueline Wernimont, mwandishi wa Numbered Lives (2018), analazimisha ufeministi kwenye historia ya kuhesabu watu. Haya, namba zilidondoka mbinguni? John Graunt wa London anasifiwa hadi leo kwa kitabu chake cha takwimu za vifo cha 1662. Maiti alizikagua nani? Wanawake vikongwe maskini, kwa ujira mdogo, wakamweleza karani wa parokia kilichoua. Graunt mwenyewe aliwalaumu kwamba kwa kikombe cha pombe na rushwa walificha kaswende. Kumbe namba zikiwa safi hazina jinsia; zikichafuka, kosa la bibi kizee! Anayetaka kuwafuta wanawake hao, aifute na takwimu yenyewe.