Barua ya mwalimu isipitie mkononi mwa mwanafunzi

Mhitimu wa kidato cha sita kutoka Karagwe au Kyerwa anayetaka kusoma Mlimani, SUA au Muhimbili haulizwi barua ya mwalimu. Tangu 2017 anaomba moja kwa moja chuoni, na kinachotazamwa ni tahasusi yake na alama alizopewa na NECTA. Ndiyo maana shule zetu hazijajenga desturi ya kuandika barua za mapendekezo. Lakini anayeomba nafasi na ufadhili Marekani mara nyingi hukutana na sharti jingine: mwalimu amwandikie barua ya siri na aitume mwenyewe. Katika Common App, mfumo unaotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, mwanafunzi hujaza jina na baruapepe ya mwalimu. Mwalimu hutumiwa kiungo, na atakachoandika hakirudi kwa mwanafunzi. Hapo kijana wa Nkwenda au Nyaishozi anaweza kukwama, alama zake zikiwa nzuri kabisa.

Mazoea yetu ni barua ya wazi: inachapwa steshenari, inagongwa mhuri, anakabidhiwa mwanafunzi. Wapo hata wanaoambiwa, “Andika mwenyewe, ulete nitie sahihi.” Mwalimu mwenye madaftari mia ya kusahihisha husema hivyo kwa nia njema kabisa. Matokeo yake ni sentensi ileile ya “mwenye nidhamu, msikivu na mchapakazi”, inayomfaa kila mtu darasani na isiyomtambulisha yeyote. Mwalimu anayejua kwamba barua itasomwa na chuo pekee anaweza kuandika kwamba binti huyu alifanya vibaya kemia muhula wa kwanza wa kidato cha tano, akawa anabaki maabara baada ya vipindi, na kufikia kidato cha sita yeye ndiye aliyewaelekeza wenzake hesabu za moli. Barua iliyokiri udhaifu huaminika inaposifu, na siri ndiyo inayompa mwandishi ujasiri wa kukiri.

Wapo watakaosema siri itawapa walimu fimbo ya kulipizia kisasi. Hofu hiyo ni ya haki. Marekani kwenyewe, sheria ya 1974 inampa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake, na kuiacha haki hiyo kwa ajili ya barua ni hiari yake. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inatambua haki ya mtu kujua kilichohifadhiwa juu yake. Lakini barua ya wazi haijawahi kumzuia mwenye kinyongo. Yeye huchelewesha mhuri mpaka tarehe ipite. Kinga ya kweli ni mwanafunzi kuchagua mwalimu anayemfahamu na kumuuliza mapema kama ataweza kumwandikia vizuri, na mwalimu asiyeweza aseme hapohapo.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike kwa ajili ya wachache wanaokwenda nje. Wachache hao nao ni watoto wetu, na wengi wao hawawezi kusoma huko bila ufadhili. Zaidi ya hapo, vyuo vya hapahapa nchini huhitaji maoni ya wadhamini kwa wanaoomba shahada za uzamili, na matangazo ya ajira hutaka majina ya wadhamini. Shule inayojifunza kuandika barua ya kweli inamsaidia mhitimu wake hata akibaki Kayanga.

Maofisa elimu sekondari wa Karagwe na Kyerwa wanaweza kuanza na mambo mawili. Kila shule yenye kidato cha tano na cha sita iwe na baruapepe rasmi, ibaki ya shule hata mkuu wa shule akihamishwa. Kisha mwalimu mmoja, pengine wa taaluma, apewe kazi ya kuhakikisha barua zinaandikwa na zinatumwa kwa wakati. Common App hufunguliwa Agosti 1 kila mwaka, kwa hiyo maandalizi yakamilike kabla ya hapo.